Viza ya Msanii wa Safari Fupi: Kutoka Ikombe hadi Majukwaa ya Ng'ambo

Kila Jumamosi vyungu vya kijiji cha Ikombe hufika sokoni Lyulilo, jirani na Matema, vikiwa vimepangwa kwa uangalifu ndani ya mitumbwi. Wachuuzi huvipakia kwenye magari, na baada ya siku chache chungu kilichofinyangwa na mama wa Kikisi chini ya milima ya Livingstone kimeshafika jikoni kwa mtu Mbeya, au kimevuka Mto Songwe na kuingia Malawi. Chungu hakiulizwi kinakwenda kufanya nini. Mfinyanzi wake akialikwa Ulaya kwenda kuimba nyimbo za kwao kwa siku kumi, ataulizwa swali hilo kwenye fomu, ataulizwa kwenye usaili, ataulizwa tena uwanja wa ndege, na jibu lake lisipofanana mahali pote safari imekufa.

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya vikundi vya ngoma, kwaya na bendi za mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na kwa maofisa wanaovihudumia. Hoja yake ni moja. Ubalozi haupimi utamu wa muziki. Unapima mambo mawili tu: kama kazi unayokwenda kuifanya inaruhusiwa na viza unayoiomba, na kama utarudi kwenu. Kwa hili la pili mtu wa Ikombe yuko imara kuliko vijana wengi wa mjini. Ana shamba, ana mtumbwi, ana wazazi wa kuwatunza, ana makaburi ya kwao. Tatizo ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa popote. Mizizi yake ni mirefu lakini haina karatasi, na ofisa wa viza husoma karatasi.

Nani alishika karatasi

Wasanii wa nchi hii hawakuanza jana kuvuka bahari. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeweka maskani Bagamoyo, alizunguka mabara na ilimba na zeze hadi mauti yalipomkuta mwaka 2003. Remmy Ongala na Super Matimila walikwenda Ulaya na tamasha la WOMAD mwaka 1988. Bi Kidude alitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 mjini Newcastle, Uingereza, na hadi anafariki tarehe 17 Aprili 2013 hakuna aliyeweza kuutaja kwa uhakika mwaka aliozaliwa.

Ukizitazama safari hizo kwa makini, nyuma ya kila msanii palikuwa na mtu mwingine aliyeshika karatasi. Siti aliitwa na kampuni ya santuri. Mbaraka alisafiri kwa jina la Serikali. Zawose alikuwa na taasisi za sanaa za taifa nyuma yake, kisha kampuni ya Real World ya Peter Gabriel. Culture Musical Club ya Unguja, inayokwenda Ulaya mara kwa mara, ni klabu iliyoanzishwa mwaka 1958, yenye jengo lake, wanachama wanaojulikana na historia ambayo ofisa yeyote anaweza kuihakiki. Kikundi cha kijijini leo hakina mkono wa namna hiyo. Mwaliko huja kwa WhatsApp kutoka kwa mwandaaji aliyeona video ya dakika mbili, na kuanzia hapo kikundi kinatakiwa kijishikie karatasi zake chenyewe.

Kwamba inawezekana, ushahidi upo. Mwaka 2017 kundi la watu wenye ualbino kutoka kisiwa cha Ukerewe, Tanzania Albinism Collective, lilitoa albamu iliyorekodiwa kisiwani na Ian Brennan, na mwaka huo huo likapanda jukwaa la WOMAD nchini Uingereza. Hawakuwa nyota wa redio. Walikuwa wanakijiji wa kisiwani, kama wa Ikombe walivyo wanakijiji wa ufukweni. Vijana wa singeli wa Dar es Salaam nao, kina Sisso, Duke na MCZO, walifika majukwaa ya Ulaya baada ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017.

Karibu zaidi na ziwa hili kuna Madalitso Band ya Malawi. Hao ni wawili tu: mmoja na gitaa la nyuzi nne na ngoma ya kupigwa kwa mguu, mwingine na babatoni, ala ndefu ya uzi mmoja. Walikuwa wakipiga muziki mitaani Lilongwe. Mwaka 2017 walialikwa tamasha la Sauti za Busara, Unguja, na mwaka 2019 wakapiga tamasha la Roskilde kule Denmark na WOMAD kule Uingereza. Kwa raia wa Malawi, kama kwa Mtanzania, majukwaa hayo mawili yana maana ya viza mbili tofauti, kwa sababu Uingereza haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja. Kikundi kinachopanga ziara ya Ulaya bila kulijua hilo kitakwama katikati ya ziara.

Songwe, na jembe la mgeni

Kabla ya kuiwaza Ulaya, watu wa Kyela, wilaya ya Ikombe na Matema, wana nje ya nchi mlangoni kwao. Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga ni ndugu, lugha zao zinasikilizana, na misiba na harusi huvuka Songwe kila wiki. Ngoma nazo zimevuka tangu zamani. Mganda, ambao upande wa Malawi hujulikana pia kama malipenga, ulienea pande zote za ziwa ukiwa na gwaride na sare zilizoigwa kutoka jeshi la King's African Rifles. Mwanahistoria Terence Ranger aliufuatilia ukoo huo wa ngoma katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni. Vikundi vya mganda vilialikana kijiji kwa kijiji, vikashindana siku mbili tatu, vikala, vikarudi. Hiyo ndiyo ziara fupi ya msanii katika umbo lake la asili.

Mtanzania haombi viza kwenda Malawi kwa matembezi mafupi. Anahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji kwa shilingi 20,000. Wengi huishia hapo na kuamini kwamba mambo yamekwisha. Hayajaisha. Ruhusa ya kuingia nchi ya watu na ruhusa ya kufanya kazi ndani yake ni vitu viwili, hata pale ambapo viza haidaiwi. Bendi inayovuka mpaka wa Kasumulu kwenda kupiga harusini kwa ndugu na bendi inayovuka kwenda kupiga ukumbini kwa kiingilio zinaweza kuwa bendi ile ile na vyombo vile vile, lakini mbele ya sheria si wageni wa aina moja.

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria za uhamiaji zimesimama upande wa pili kabisa wa methali hiyo: mgeni akishika jembe bila kibali, hata siku ya kwanza, amevunja sheria. Kwa msanii jembe ni ngoma yake. Kwa hiyo swali ambalo kila kikundi kinapaswa kulijibu mapema ni hili: nchi tunayokwenda inahesabu onyesho letu kuwa kazi au la, na nani analipa?

Na sheria hiyo iko hata nyumbani. Mgeni kutoka Ulaya anayekuja kupiga muziki wa malipo Matema hatakiwi kuja na viza ya kawaida ya dola 50. Tanzania ina viza ya biashara ya dola 250 kwa wanaokuja kufanya kazi maalumu ya muda usiozidi siku 90, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, nalo hutoa kibali kwa wasanii wa kigeni. Mwenyeji anayewaambia wageni wake waje "kama watalii tu" anawaweka pabaya.

Schengen: siku 90, na mlango ambao wengi hawaujui

Viza fupi ya Schengen inampa mtu hadi siku 90 katika kila siku 180, na hutumika katika nchi 29. Tangu tarehe 11 Juni 2024 ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15 kabla. Uamuzi hutakiwa kutoka ndani ya siku 15, lakini zinaweza kufika 45 wakihitaji kuchunguza zaidi. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo kikundi kitakaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi ya kwanza kuingia.

Kwa anayealikwa kwenye tamasha, kanuni zinataka mwaliko au ratiba inayotaja jina la taasisi mwenyeji na muda wa kukaa. Hapa ndipo vikundi vingi hujikwaa. Barua inayosema "tunawakaribisha kwa moyo wote kushiriki utamaduni" haimsaidii mtu. Barua nzuri ina tarehe ya kila onyesho, jina la ukumbi, jina kamili la kila msanii na namba yake ya pasipoti, nani analipa nauli, nani analipa malazi, na msanii atapewa kiasi gani mkononi. Mwenyeji akisita kuandika habari za malipo, kikundi kimuulize kwa nini.

Viza ni ya pamoja, lakini kibali cha kufanya kazi ni cha kila nchi kivyake. Ufaransa, tangu mwaka 2016, haidai kibali cha kazi kwa onyesho la kisanaa ikiwa ukaaji hauzidi miezi mitatu. Nchi nyingine zina masharti yao. Ni mwenyeji anayepaswa kuyauliza kwenye mamlaka za kwao na kuandika jibu katika barua yake, maana kijana wa Ikombe hana namna ya kuijua sheria ya kazi ya Denmark.

Mlango usiojulikana ni huu. Kanuni za viza za Schengen zinamsamehe ada mtu mwenye umri usiozidi miaka 25 anayewakilisha taasisi isiyo ya faida na anayekwenda kwenye tukio la utamaduni, michezo au elimu lililoandaliwa na taasisi isiyo ya faida. Pia zinaruhusu ubalozi kupunguza au kufuta ada kwa ajili ya kukuza utamaduni. Kwaya ya vijana ya usharika, au kikundi cha ngoma cha shule kilichosajiliwa, kinaweza kuingia humo. Lakini msamaha huo haupewi asiyeuomba, na hauombeki bila cheti cha usajili cha kikundi. Mwandishi wa mada hii anaamini kwamba kipengele hicho kimoja kingewafaa vijana wa Kyela kuliko semina kumi za kuhimiza vipaji.

Uingereza na Marekani

Uingereza ilibadili utaratibu wake tarehe 31 Januari 2024. Zamani palikuwa na viza ya pekee kwa mtaalamu aliyealikwa kufanya kazi fupi ya malipo. Sasa kazi hiyo imeingizwa ndani ya viza ya kawaida ya mgeni, ambayo kuanzia Aprili 2025 ada yake ilikuwa pauni 127. Msanii huruhusiwa kulipwa kwa maonyesho yaliyopangwa kabla ya safari na kufanyika ndani ya siku 30 za kwanza, kwa sharti kwamba ana mwaliko wa taasisi ya huko na kwamba muziki ndiyo kazi yake ya kudumu.

Sharti hilo la mwisho linawagusa watu wa Ikombe moja kwa moja. Mpiga ngoma wa huku ni mvuvi. Mwimbaji ni mfinyanzi, na msimu wa mpunga ni mkulima. Akiulizwa kazi yake atasema kweli: uvuvi. Kwa kusema kweli atakuwa amejiondoa kwenye kundi la wanaoruhusiwa kulipwa kwa njia hiyo. Kumfundisha aseme uongo si dawa. Dawa ni kutafuta njia nyingine, na ipo: Uingereza ina orodha ya matamasha yanayoruhusiwa kuwalipa wageni bila kudai kibali cha kazi, WOMAD likiwamo, na matamasha ya Edinburgh pia. Kikundi kikialikwa na tamasha lililomo katika orodha hiyo, viza ya mgeni inatosha. Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, swali la kwanza kwa mwenyeji wa Uingereza liwe: tamasha lenu limo katika orodha?

Hata hivyo kuwamo katika orodha si ahadi ya kupata viza. Mwaka 2018 baadhi ya wasanii walioalikwa WOMAD, wakiwamo Sabry Mosbah wa Tunisia na Wazimbo wa Msumbiji, hawakuweza kupiga kwa sababu ya matatizo ya viza, na waandaaji walieleza hadharani kwamba wasanii wengine wameanza kuikataa mialiko ya Uingereza kwa kuchoshwa na usumbufu. Wazimbo ni gwiji la marrabenta. Kama yeye alikwama, kikundi kipya kabisa kisijione kimeonewa peke yake kikikataliwa mara ya kwanza.

Marekani ni mlima mwingine. Viza ya mgeni, B-1/B-2, haimruhusu msanii kupiga kwa malipo. Kwa ngoma za asili kuna viza ya P-3, iliyowekwa kwa ajili ya wasanii wa sanaa ya pekee ya utamaduni fulani. Msanii hawezi kujiombea. Mwenyeji wa Marekani, au wakala wake, huwasilisha maombi kwanza kwa idara ya uhamiaji ya huko pamoja na mkataba, ratiba, maoni ya chama cha wafanyakazi wa sanaa na maelezo ya wataalamu wanaothibitisha kwamba sanaa hiyo ni ya asili kweli. Hayo yakikubaliwa, ndipo kila msanii huenda ubalozini Dar es Salaam kwa usaili na kulipa dola 205. Milango hiyo imezidi kuwa myembamba. Agosti 2025 Marekani ilianza kudai dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kwa waombaji wa B-1/B-2 kutoka nchi ilizozitaja, Malawi na Zambia zikiwa za mwanzo, na Tanzania ikaongezwa Oktoba. Desemba mwaka huo likatoka tangazo lililoweka vikwazo zaidi vya viza kwa nchi kadhaa, Tanzania na Malawi zikiwamo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kikundi chenye mwaliko wa Marekani kihakiki hali ya siku hiyo kabla ya kutumia hata shilingi.

Kivuli cha Papa Wemba

Wasanii huuliza kwa uchungu kwa nini bendi inashukiwa kuliko mfanyabiashara. Sehemu ya jibu iko Paris. Februari 2003 Papa Wemba, nyota wa rumba kutoka Kinshasa, alikamatwa Ufaransa akituhumiwa kuwaingiza watu Ulaya kwa kuwaombea viza kama wanamuziki na wacheza shoo wa bendi yake. Kinshasa watu hao walikuwa na jina lao: ngulu. Alikaa mahabusu miezi kadhaa, na Novemba 2004 mahakama ya Bobigny ikamtia hatiani. Huyu hakuwa tapeli wa mtaani. Alikuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa Afrika, na jina lake lilipochafuka, jina "bendi" lilichafuka pamoja naye.

Tangu hapo orodha ya kikundi ikiwa na watu 20 huku video ikionyesha watu wanane jukwaani, ofisa huweka kalamu chini. Ndiyo maana mada hii inasisitiza jambo ambalo viongozi wa vikundi hulionea aibu kulisema mbele ya ndugu zao: mpwa wa mwenyekiti asiyejua kupiga hata njuga asiingizwe kwenye orodha. Mzamiaji mmoja anafunga mlango kwa wote. Alama za vidole vya waombaji wa Schengen hukaa katika mfumo wa viza hadi miaka mitano, na tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kutumia mfumo wa EES unaosajili kwa kompyuta kila mgeni anayeingia na kutoka, hivyo anayepitiliza siku zake hujulikana bila mtu kuhesabu mihuri.

Upande wa pili wa sarafu unatia moyo. Msanii aliyepata viza tatu za Schengen na kuzitumia vizuri ndani ya miaka miwili anaweza kupewa viza ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja, kisha ya miaka miwili, kisha ya mitano. Kurudi nyumbani kwa wakati ni mtaji.

Karatasi zinaanzia kijijini

Safari ya kwenda Roskilde haianzii ubalozini. Inaanzia kwenye cheti cha kuzaliwa kutoka RITA na kitambulisho cha taifa kutoka NIDA. Bila hivyo hakuna pasipoti, na pasipoti ya kielektroniki iliyozinduliwa Januari 2018 ni shilingi 150,000. Wazee wengi wanaoshika ngoma zenyewe, wale ambao bila wao kikundi hakina ladha, walizaliwa nyumbani na hawajawahi kuwa na cheti. Bi Kidude alifika Newcastle bila mtu kuujua mwaka wake wa kuzaliwa kwa hakika, lakini alikuwa na watu wa kumfuatilia. Na katika wilaya ya mpakani, ambako mtu anaweza kuwa na shangazi Karonga na babu Ipinda, suala la uraia huchunguzwa kwa makini zaidi. Huo si uadui. Ni jambo la kulitarajia na kuliandalia majibu yenye ushahidi.

Kisha kuna BASATA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Msanii wa Tanzania anayekwenda kufanya onyesho nje anatakiwa awe amesajiliwa na awe na kibali chake. Wanaodhani hilo ni la maandishi tu wakumbuke Desemba 2018, Diamond Platnumz na Rayvanny walipofungiwa kufanya maonyesho ndani na nje ya nchi baada ya kupiga wimbo uliokatazwa. Waliomba radhi, na mwezi uliofuata wakafunguliwa. Kikundi cha Ikombe hakina mawakili wala mashabiki wa kukisemea. Kibali kiwe mkononi mapema.

Akaunti ya benki ya kikundi, yenye miamala ya angalau miezi sita, ina uzito kuliko barua ya mwenyekiti wa kijiji. Picha na vipeperushi vya maonyesho ya ndani, kama ni ya Tukuyu, Mbeya au ya kanisani, vitunzwe. Hati ya shamba kama ipo, barua ya usharika, kadi ya chama cha ushirika cha kakao, cheti cha ndoa: vyote hivi ndiyo mizizi iliyowekwa kwenye karatasi.

Neno fupi kuhusu vyombo. Ngoma iliyowambwa ngozi ya kenge au chatu inaangukia chini ya mkataba wa CITES wa biashara ya wanyamapori, unaotumika tangu mwaka 1975, na inaweza kuzuiwa forodhani hata kama mwenye nayo ana viza safi. Mkataba huo una cheti maalumu cha ala za muziki. Rahisi zaidi ni kusafiri na ngoma ya ngozi ya ng'ombe au mbuzi, baada ya kuuliza masharti ya nchi unayokwenda kuhusu ngozi.

Masika na hesabu

Matamasha makubwa ya Ulaya hufanyika Juni hadi Agosti. Ukihesabu kurudi nyuma, maombi ya viza huangukia kati ya Januari na Mei. Hapo ndipo masika ya Kyela yanapopiga, barabara zinapojaa maji, ziwa linapochafuka na mtumbwi wa Ikombe unaposubiri siku mbili ufukweni. Ni wakati huo huo pia ambapo mfuko wa kaya umekauka, kwa kuwa mpunga haujavunwa. Na alama za vidole haziwezi kutumwa kwa basi. Kila mtu lazima afike Dar es Salaam mwenyewe, zaidi ya kilomita 900 kutoka Kyela.

Kwa kikundi cha watu 12 hesabu ni hii: pasipoti shilingi 1,800,000, viza za Schengen euro 1,080, na wakiongeza Uingereza, pauni 1,524 kwa ada ya mwaka 2025. Hapo hakuna nauli, hakuna malazi ya Dar es Salaam, hakuna bima. Viza ikikataliwa, ada hairudi. Mkataba na mwenyeji ueleze wazi kwamba ada za viza ni juu yake, na kwamba hulipwa kabla, si baada ya onyesho. Mwenyeji anayeitaka ngoma ya Kikisi kweli hatashindwa.

Anayekataliwa Schengen hupewa fomu yenye sababu na ana haki ya kukata rufaa. Sababu zinazojitokeza sana ni mbili: madhumuni ya safari hayakuthibitishwa, au nia ya kurudi haikuthibitishwa. Fomu hiyo isichanwe kwa hasira. Isomwe, itafsiriwe, na kila kilichopungua kijazwe kabla ya kuomba tena.

Mada hii inaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Kyela, kupitia ofisa utamaduni wake, ikae na Uhamiaji, RITA na NIDA wapange siku moja ya huduma Matema na siku moja Ikombe kwenyewe, wakati wa kiangazi mtumbwi ukipita salama, ili wasanii wa vikundi vilivyosajiliwa wapate vyeti na vitambulisho vyao pamoja. Inawaomba viongozi wa vikundi wafungue akaunti ya benki mwaka huu, na wapeleke majina ya wanachama halisi BASATA kabla ya mavuno yajayo. Mwaliko ukifika Januari, kikundi chenye pasipoti kitakuwa na miezi sita ya kuomba viza. Kisicho nazo hakitakuwa na hata mmoja.